Kuku Wawili wa Baba

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Hapa Kharumwa hatujambo, mpunga umeshaingia ndani. Unauliza nani atapata urais baada ya mdahalo ule wa wagombea, na kama umwamini mtabiri wa huko mjini aliyekwisha kukutajia mshindi.

Enzi zetu mgombea urais alikuwa mmoja. Walioshindana jukwaani ni wawili wa ubunge, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Baada ya mkutano, wa jembe alileta kuku kwa baba yangu, mfumu aliyepiga ramli kwa kupasua kuku. Baba akatazama matumbo. "Umeshinda." Kesho yake akaja wa nyumba na kuku wake. "Umeshinda."

Nikauliza, "Baba, wote wawili?"

"Mmoja atarudi kunishukuru. Mwingine ataona haya kurudi."

Huyo anayekutabiria huko mjini, muulize kawaambia nini wenzako.

Bibi yako, niliyewashika kuku wote wawili.