Isale la Mwalimu Eliufoo

Uduru, Machame,
Kilimanjaro.
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Ezra,

Hujambo huko Tunduru? Monica naye hajambo, na watoto? Kifua kile cha Martin kimepona? Mimi nipo, ila magoti yananisumbua kwa baridi ya huku. Ng'ombe amezaa, kwa hiyo maziwa tunayo, lakini furaha hatuna.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kilichomo humu hakipiti kwenye simu. Usilitupe hilo jani la isale lililomo kwenye bahasha kabla hujamaliza kusoma.

Baba hali yake si nzuri. Tangu kiharusi cha pili mkono wa kushoto umekufa, na kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo. Daktari ametuambia tusitegemee zitarudi. Anakula mtori tu, tena wa kulishwa. Namfulia, namwogesha, halafu ananiuliza mimi ni wa ukoo gani. Inaniuma, Ezra.

Cha ajabu, Kiingereza hakijamtoka. Binti yangu Brenda yuko kidato cha pili, na jioni hukaa naye barazani. Mzee anamtenganishia quiet na quite, lose na loose, advice na advise, wala hakosei. Ni yule yule Mwalimu Eliufoo, ila siku hizi hana fimbo.

Wiki iliyopita Brenda akachanganya borrow na lend. Kosa hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Sisi kwetu kuazima ni kuazima, utoe au upokee, mtoto atajuaje? Mzee akanyanyua mkono, nikajua sasa anampiga. Mkono ukabaki hewani. Akaanza kulia, akaita jina lako.

Asubuhi akataka nimpeleke kwenye uzio wa masale. Akakata jani mwenyewe, akalipiga fundo kwa mkono mmoja na meno. Siku hiyo akili ilikuwa imetulia. Akaniambia nikuletee, nikwambie alikosea kukuchapa mbele ya darasa zima kwa sababu ya neno. Sijawahi kumsikia baba akisema amekosea, hata kwa marehemu mama.

Sikulaumu kwa kuondoka. Kijana mkubwa unachapwa na baba yako mzazi, wenzako wanacheka, kesho yake unapanda basi pale Bomang'ombe. Hata mimi ningeondoka. Lakini kila Krismasi watu wanapanda mlimani kuja kwao, na mimi nabaki kuwadanganya ndugu kwamba umebanwa na kazi. Nimechoka kudanganya. Na isale la kuombea msamaha unalijua, ukiletewa hukatai. Ndivyo tulivyolelewa.

Sasa nikwambie lililo baya zaidi, usije ukafika ukaniona mwongo. Jana, kabla sijalitia kwenye bahasha, nilimwonyesha. Akaligeuzageuza, akaniuliza nani amelifunga, na amemkosea nani. Nikaingia jikoni nikalia, na unajua mimi si mtu wa kulia.

Kwa hiyo aliyeomba msamaha ameshaomba, na amesahau. Ukija hatakuuliza kama umemsamehe. Hatajua hata kama kuna kitu cha kusamehewa. Ukikasirika nitakuelewa, maana mimi mwenyewe nimekasirika, sijui namkasirikia nani.

Shangazi Elisifa anakusalimu sana. Bado anakupikia kiburu cha ndizi na maharage kila Krismasi, kisha tunakila wenyewe. Brenda naye anakusalimu, mjomba asiyemjua. Nisalimie Monica, na Martin mwambie ana babu.

Mungu akusafishie njia, na amwachie baba pumzi mpaka utakapofika. Njoo kabla jani halijakauka. Pengine atakukalisha barazani akidhani wewe ni mwanafunzi wake, akuulize borrow na lend. Mjibu, Ezra. Mjibu tu, ukae naye.

Ni mimi nikupendaye na kukungoja,
Dada yako,
Tabitha