Betri za Mama Kando ya Jiko

Dada yangu Nyokabi,

Hamjambo hapo Makongeni? Zamu za kiwandani hazijakumaliza? Na miguu ya Mama kule Ruiru, bado inavimba? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Kanada inanitafuna masikio, na usingizi umenihama tangu barua yako ifike.

Umeandika kwa furaha kwamba ndugu yetu Njoroge amenunua katoni ya betri za simu kutoka ng'ambo, akaunga mbili kwenye redio ya Mama, na zikififia Mama anazipasha kando ya jiko kama tulivyozoea kwa betri za kawaida. Nyokabi, maandishi uliyonakili kutoka kwenye ganda nayajua. Betri hizo wanunuzi wa huku walizirudisha kiwandani kwa sababu zinawaka!

Ndani mna lithiamu, madini laini, yakiogelea katika kimiminika kinachoshika moto kama petroli. Kila ukizichaji, lithiamu huota nyuzi nyembamba mpaka ziguse upande wa pili. Hapo ndipo moto huanza. Marseli, niliyefanya naye kazi meza moja hapa kwenye maabara ya betri, alikuwa ameshika betri kama hiyo. Ilitoa mlio kama maziwa yakifurika kwenye makaa, kisha ikawaka pamoja naye. Hakutoka hospitalini. Mpaka leo birika likianza kulia mimi hutoka nje, na kiti chake hakuna anayekikalia.

Sasa tunatafuta namna ya kukiondoa kimiminika hicho, tuweke utando mkavu wa plastiki yenye chumvi, usiomwagika. Nao una ukaidi wake: ukipoa unalala, haupitishi umeme mpaka tuupashe joto. Nilipowaambia wenzangu kwamba mama yangu hufanya hivyohivyo na betri zake, walicheka. Mkubwa wetu akasema, "Lakini kwenye ganda imeandikwa: usipashe moto."

Nikamwuliza, "Imeandikiwa nani? Mama yangu hasomi lugha yako! Betri salama ni ile inayomvumilia mtu, si ile inayomlaumu akishaungua." Wanachokiogopa nyumbani kwao kinauzwa kwetu, halafu sisi ndio tunaitwa wajinga!

Nimempigia Njoroge simu kwenye duka la jirani yake. "Aii, kaka, wewe na vitabu vyako!" akacheka. "Mama ameanika betri tangu tuzaliwe. Umeona akiungua?" Nikamfokea mpaka laini ikakatika.

Kwa hiyo nenda wewe kwa Mama, ukimaliza tu kusoma, uzitoe kwenye redio. Usizitoboe. Usizimwagie maji hata zikitoa moshi, maana lithiamu ikikutana na maji ni balaa. Zikiwa zimepoa, zifukie kwenye ndoo ya mchanga mkavu, uani, mbali na nyumba. Katoni nayo uichukue, hata Njoroge akikutukana.

Nisalimie shemeji, mumeo mvumilivu, na shangazi anayepangisha wanafunzi vyumba Kahawa Wendani. Mwambie Njoroge hasira zangu ni za ndugu.

Mama atakasirika ukimzimia redio. Mwache akasirike. Nataka nikija nimkute amekasirika.

Kaka yako akupendaye,
Mwangi