Askari wa Kushoto

Chome, Same
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Eliufoo,

Shikamoo. Habari za Jipe, habari za shule na wanafunzi wako? Shemeji na watoto hawajambo? Natumaini mbu wa huko wamekuachia damu ya kutosha kusoma barua hii. Sisi huku juu tupo na baridi yetu. Priska anakusalimu sana, na yule ng'ombe mweupe amezaa. Mama ni mzima. Nami ningeandika kwamba sijambo, kama inavyotakiwa, lakini leo hiyo sijambo imenikwama.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu wa simu kama mimi. Kaka, kwenye simu ungeniuliza vipi, ningekujibu poa, yakaishia hapo.

Nianze na lile ulilokwisha kulisikia. Ni kweli niliitwa kwa baba mdogo Lukasi nikatozwa mbuzi. Nilikuwa napandisha gari kutoka Same, peke yangu na mifuko ya saruji, redio inaimba. Mama alikuwa kando ya barabara, mkono wa kushoto, amejitwisha majani ya ng'ombe. Kioo cha pembeni cha gari kikaukumba mzigo, mama akaangukia mtaroni. Mimi nikapita. Sikusimama, sikupiga hata honi.

Namshukuru Mungu alichubuka goti tu. Kilichomuuma ni kingine. Tayari watu walikuwa wanasema kwamba tangu nishike usukani nina maringo, nawapita wazee bila shikamoo, na mama mchungaji ananipungia mkono wala sijigusi. Niliapa mbele ya baba mdogo kwamba sikumwona mama. Akaniuliza mtu mzima mwenye mzigo wa majani kichwani, mchana kweupe, anakosaje kuonekana. Hata mwenyewe sikujiamini. Nikapiga magoti nikakiri kiburi. Mama alipokea mbuzi, akasema neno moja tu: "Baba yako naye alikuwa akinipita hivyohivyo."

Tangu siku ile hajaniita mwanangu.

Sasa, unamkumbuka Muhidin wa pale stendi ya Same, tuliyekuwa tunashinda kwake kwenye gemu huku nyumbani wanajua tuko masomo ya ziada? Amefunga kibanda. Aliponiona mjini akanipa ile mashine ya zamani pamoja na memori kadi yetu, akisema vijana wa leo hata kuiangalia hawataki. Gemu letu limo, lile la jasusi wa nguo nyeusi anayenyata ndani ya ngome, tuliyempa jina Mzee Kimya. Nilifurahi jamani! Wewe ulikuwa fundi wa kukimbia, lakini kwenye kunyata ulikuwa unaniachia pedi ya kuchezea mwenyewe, bila kuombwa. Nikasema, angalau hapa hakuna wa kunitoza mbuzi.

Nikaiunganisha kwenye TV mchana, nikakaa karibu na kioo kama zamani. Mwanzo ulikwenda vizuri, maana askari wa mwanzo wanapita palepale siku zote na vidole vyangu bado vinawajua. Nikafika ghalani, kwa yule mwenye tochi anayebadili njia kila mara. Kengele ikalia, nikakamatwa. Nikarudia, nikakamatwa tena. Nikaanza kuitukana mashine kwamba imezeeka. Priska alikuwa anachambua maharage, na hajawahi kushika pedi maishani mwake. Akauliza kwa nini namfuata askari badala ya kumkwepa.

"Askari gani?" nikamuuliza.

"Huyo wa kushoto, mwenye tochi. Si anakuangalia?"

Nikageuza kichwa, ndipo nikamwona. Kabla ya hapo hakuwepo, kaka. Si kwamba alikuwa gizani, wala sikuona ukungu, hakuwepo tu. Nikaelewa kwamba huko nyuma kote sikuwa naona, nilikuwa nakumbuka. Na barabara ya Chome naiendesha hivyohivyo, kona baada ya kona, kwa kukumbuka. Pedi ikanidondoka. Nikalia mbele ya mke wangu bila aibu.

Nilikwenda Moshi kwa daktari wa macho. Akasogeza kidole pembeni ya uso wangu na kuniambia niseme nikikiona, nami nikasubiri kidole ambacho kumbe kilikuwa pale muda wote. Ni presha ya macho. Alisema haiumi, inakula kuanzia pembeni kuja katikati, na kilichokwenda hakirudi. Matone yanashikilia kilichobaki tu. Akanikataza kuendesha. Akauliza kama kwetu kuna aliyepofuka. Nikamjibu hakuna, baba yetu alikufa na macho yake, alianguka korongoni kwa pombe.

Neno la mama likanirudia ndani ya basi. Baba naye walimwita mwenye maringo, unakumbuka? Baba naye hakuitikia mikono ya watu. Njia ile ya shambani aliijua tangu utoto, ila wiki ile mvua ilikuwa imeikata. Mimi na wewe ndio tuliombeba, kaka. Hakunuka pombe. Tulilijua hilo wote wawili, tukanyamaza kwa sababu watu wazima walikwisha kusema.

Daktari anasema ugonjwa huu unatembea kwenye damu, na ndugu wa tumbo moja wapimwe haraka. Pasaka ulipokuja uligonga bega kwenye mlango wa mama, tukakucheka. Mimi sicheki tena. Nakuomba nenda Moshi kwanza, kabla hujaja huku. Nakuomba, kaka.

Lililobaki nakuambia wewe tu. Tangu nitoke Moshi nimeendelea kuendesha. Nimebeba watu, na watoto wao. Shamba halitulishi na kazi nyingine siijui, basi kila kona nilipiga honi nikamwomba Mungu. Leo asubuhi nimempa Priska ufunguo aufiche. Hata kabla sijamaliza barua hii nimekwisha kuudai, nimemfokea, amekataa. Njoo uuchukue uende nao mbali, maana mimi sijiamini.

Ukifika, kaa na mama kwa niaba yangu, mimi nitashindwa kusema. Mwambie sikumwona. Mwambie na baba hakuwa akimwona.

Nisalimie shemeji na watoto, na walimu wenzako wanaonifahamu. Priska ananiambia niongeze kwamba maharage yapo ya kutosha, uje na gunia. Na siku ukija usinijie ubavuni. Simama mbele yangu kabisa, nikuone, nikupe shikamoo yako.

Mdogo wako,
Godwin