Saa Iliyobandikwa Mlangoni

Jumatatu, 8 Juni

Nimewapiga picha wagonjwa kumi na tisa kwenye mashine ya CT leo, kumi na mmoja kati yao ni wale wa kukohoa. Mikono imebabuka kwa klorini. Mume wangu anasema nanuka kama bwawa la kuogelea. Aje avae lile gauni la plastiki saa sita mfululizo, halafu tuongee!

Utaratibu ndio unaotushikilia. Mgonjwa wa kukohoa akishatoka, chumba kinafungwa dakika thelathini hewa ibadilike. Mimi nabandika karatasi mlangoni: USIFUNGUE MPAKA SAA FULANI. Saa ikifika, Dakika anaingia kufuta. Dakika ndiye mama wa usafi wetu — jina tulimpa sisi, kwa sababu haingii kabla wala haingii baada. Anasimama pale na ndoo yake, macho kwenye saa ya ukutani. Leo daktari mmoja alitaka kupita mapema, akazuiwa kwa mpini wa mopu. "Soma mlango, daktari." Nilicheka hadi miwani ikaingia ukungu.

Jumatano, 10 Juni

Dakika hakuja. Simu yake haipokelewi.

Alhamisi, 11 Juni

Amelazwa. Kipimo kimerudi — anao ugonjwa ule ule wa kukohoa. Yuko kwenye oksijeni. Miaka hamsini na nne, na ana sukari.

Idara nzima tumepimwa, tumechokonolewa pua hadi machozi. Hatuna. Mimi sina. Badala ya kushukuru nimekaa chooni nikitazama vigae.

Na maneno yameshaanza. Mkuu wa idara anasema lazima alishusha barakoa kule stoo, akinywa chai. Wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia! Sijui kwa nini. Sijawahi kumwona yule mama ameshusha barakoa hata mara moja.

Ijumaa, 12 Juni

Amekuja Sabuni. Ni sista anayesimamia kinga ya maambukizi hospitali nzima; mfupi, hacheki, hakuna anayethubutu kumwita hivyo usoni. Anataka kujua, tangu mwanzo wa mwezi, kila mgonjwa alitoka saa ngapi na mlango ukafunguliwa saa ngapi. Nikamwambia hilo jepesi, sista, kila picha ina saa yake pembeni.

Akaniangalia. "Hiyo ni saa ya picha. Mimi nataka saa ya kutoka."

Nikasema sawa, nitakuletea.

Jumamosi, 13 Juni

Siku yangu ya mapumziko. Nimekwenda kazini. Mume akauliza nimesahau nini huko. Nikamwambia chaja.

Wasukuma machela wana daftari lao. Wakimtoa mgonjwa mlangoni kwetu wanaandika saa. Nimelikalia daftari hilo tangu asubuhi hadi mchana, pembeni nimefungua picha zangu.

Ni hivi. Saa ya ukutani iko nyuma yangu, mikono ina glavu, foleni imefika ngazini. Kwa hiyo nimekuwa nikisoma saa iliyo kwenye picha, iko hapo hapo mbele ya macho, najumlisha thelathini, nabandika. Miezi miwili! Lakini mgonjwa hatoki picha ikiisha. Anabaki pale mezani akisubiri machela. Anakohoa.

Jumanne, tarehe 2. Picha: saa nne na dakika kumi. Kutoka: saa nne na dakika ishirini na nane. Karatasi yangu mlangoni: saa nne na dakika arobaini. Hewa ilipata dakika kumi na mbili. Na Dakika aliingia saa nne na arobaini kamili, kama kawaida yake, kwa sababu aliniamini.

Laiti angekuwa mzembe! Angechelewa kidogo, angepiga soga kidogo korido kama wengine.

Jumapili, 14 Juni

Nimemwambia mume. Aliacha kupiga pasi. "Nani mwingine anajua?" Nikasema mimi na daftari. Pasi ikaunguza kola.

"Subiri kwanza apone," akasema.

"Na asipopona?"

Akageuza shati upande wa pili. Mficha maradhi, kifo humuumbua — wagonjwa tunawaambia kila siku. Kwangu imekuwa ngumu.

Jumatatu, 15 Juni

Nimesukuma mashine ya eksirei ya magurudumu hadi wodini. Fomu ilisema kifua, kitanda cha sita. Ni yeye.

Amekonda kwa siku tano tu. Nikamwekea sahani ya picha mgongoni, imefungwa mfuko wa plastiki, nikasema kama ninavyowaambia wote: vuta pumzi, shikilia. Hakuweza kushikilia. Tumerudia mara tatu.

"Mwanangu," akasema, maneno yanatoka moja moja. "Waambie sikushusha."

"Najua, mama."

"Mlango niliufuata."

"Najua."

"Sasa nani anafuta?" Nikamwambia wameleta mwingine. "Mwambie na chini ya meza. Huwa wanapasahau."

Nilitaka kumwambia. Nikamwambia asiongee sana, apumzike. Mwoga mimi! Picha yake ni nyeupe huku na huku, kuanzia katikati kwenda chini, mahali ambapo hewa ingeonekana nyeusi. Naona aibu hata kuishika.

Jumanne, 16 Juni

Asubuhi mkuu ameniletea ripoti tayari imechapwa: mhudumu wa usafi alikiuka utaratibu. Panatakiwa sahihi ya shahidi, na shahidi ni mimi. "Weka tu hapo, dada, tuendelee na kazi."

Sikuweka. Nimechukua daftari la wasukuma machela, nimekwenda kwa Sabuni. Nimesema yote nimesimama, nikihofia nikikaa nitalia. Kuhusu Dakika, kuhusu zile dakika kumi na mbili, kuhusu miezi miwili.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Akafunua kurasa taratibu, akauliza swali moja.

"Akishamaliza kufuta, nani alikuwa analala kwenye hiyo meza?"

Sikuwa nimelifikiria. Wallahi sikuwa nimelifikiria! Siku zote hizi nimekuwa nikimlilia mtu mmoja.

Akanipa kiti, simu ya mezani, na karatasi. Siku kumi na nne kurudi nyuma. Wagonjwa sitini na watatu waliolala pale baada ya wale wa kukohoa, watu walioingia na mawe ya figo, na vichwa vilivyogongwa, na mgongo. Sabuni anaandika barua mezani pake, mimi napiga simu. Wa kwanza mzima, amekasirika nimemkatizia usingizi. Wa pili mzima. Wa tatu hapatikani. Wa nne mzima, ananiombea kheri.

Wa tano ni mwalimu, alikuja kwa kichwa kinachouma. Anakohoa tangu Ijumaa, alidhani ni vumbi la chaki. Nikamwambia aje apimwe leo leo, asikae karibu na watu. Akanishukuru sana. Kisha akauliza, "Lakini dada, nyinyi mmejuaje?"

Nikasema subiri kidogo, nakupigia tena. Nimekata. Naandika hapa ili nipate la kumjibu. Sabuni ameacha kuandika, ananitazama.

Simu inalia. Namba kwenye kioo chake ni ya mwalimu.