Baba, Wameliweka Pango Letu Ndani ya Miwani

Baba,

Nimekukasirikia. Afadhali nianze na hilo, maana ungekuwa hai ungeliona usoni mwangu kabla sijaketi. Mtu anakubali watu wa kamera waje kupiga picha pango letu, hamwambii mtoto wake, halafu anakufa. Si ungesema tu? Wiki waliyokuja nilikuwa Lwakhakha kununua nguo za duka langu la Kitale, na jioni tuliongea kwa simu. Uliniuliza bei ya vitenge. Ukaniambia mvua imeharibu njia ya kupanda mlima. Kamera hukuzitaja.

Nilijulia wapi basi? Kwa mgeni. Tulikuwa tumeshakuzika, viti vya kukodi vimerudishwa, Mama ameanza kupata usingizi, ndipo kijana wa hao watu wa kamera, anayeitwa Kelvin, akanipigia. "Niaje, madam. Wewe ni mtoto wa guide wetu? Project imeiva. Karibu uzinduzi Bungoma."

Guide wetu! Nikamwambia guide wenu amekufa, kifua kimemmaliza. Akasema pole sana, kisha akasema basi ataniwekea kiti cha mbele.

Nikaenda. Ukumbi wa hoteli, wakubwa wamevaa suti, chai na sambusa. Mmoja akasimama akasema sasa mtalii hana haja ya kuchoka, atakaa kwake Ulaya na aone urithi wa Mlima Elgon bila kupanda. Watu wakapiga makofi. Mimi nikawaza vijana wanaobebea wageni mizigo kule juu. Wao watakula hayo makofi?

Kisha wakanivalisha miwani. Hujawahi kuiona, kwa hiyo nakueleza: ni kitu kikubwa cheusi kinachoziba macho yote, na masikioni unawekewa sauti. Ukigeuza kichwa kushoto unaona upande wa kushoto, ukiinua unaona juu, kana kwamba umesimama palepale. Sikatai, mwanzo nilishtuka. Mlango wa pango ulikuwa ni mlango wetu. Maji yalikuwa yanadondoka mbele yake, na ndani kulikuwa na mwamba ule uliochimbika kwa kulambwa na ng'ombe waliofuata chumvi. Hata popo walikuwepo.

Halafu ngoma zikaanza. Ngoma, Baba! Nani aliwahi kupiga ngoma mle? Simba naye akanguruma. Kisha mwanamume mwenye Kiswahili cha pwani, kitamu kama halua, akasema, "Karibu mgeni mpendwa katika Pango la Siri. Hapa waliishi watu wa kale waliotoweka."

Waliotoweka! Wakati huo Mama alikuwa nyumbani Kimilili anachambua maharagwe. Amezaliwa mle ndani, akatoka akiwa msichana mdogo, serikali ilipoamuru watu washuke. Hajatoweka hata kidogo. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameniambia sketi yangu ni fupi.

Ningevumilia simba. Ningevumilia hata huyo mtu wa halua. Lakini picha ikaendelea hadi chumba cha ndani, kile wanachoingia wazee peke yao. Unajua sijawahi kukitia macho. Ulipokuwa unanipeleka utotoni tulisimama penye jiwe pana, unasema, "Hapa ndipo miguu yako inakomea, Chemutai." Ikakomea hapo miaka yote. Sasa nimo ndani, niko Bungoma, sahani ya sambusa mkononi. Nikageuza uso, ukuta ukanifuata. Nikageuka nyuma, chumba ni kilekile. Nikafumba macho na kuing'oa ile miwani kichwani, ikatoka na kitambaa changu. Watu wakacheka. Walidhani nimeogopa simba.

Nikamtafuta Kelvin. Nikamuuliza, baba yangu aliwaingiza kile chumba?

"Mzee alitupea ruhusa ya cave, madam."

"Sijauliza cave. Nimeuliza chumba cha ndani."

Akajikuna shingo. Ati wewe ulikuwa umekaa nje kupumzika, kifua kinakubana, na wao wakaona si wapige picha za haraka tu. Za haraka tu! Nikauliza tena: na baba yangu mwenyewe alisema nini? Mlimrekodi?

"Siku nzima. Lakini audio yake ilikuwa na kikohozi mob, kila dakika. Clients wangeboeka, bana."

Baba, pale nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na sikufanya hata moja, kwa sababu nilikuwa bado nimeshika sahani.

Kuanzia hapo nikawa mgeni wa ngazi zao, nikidai wakifute kile chumba. Ofisi yao iko Kitale, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Gurdeep, pale ulipokuwa unanunua tochi. Nafunga duka langu, napanda, naambiwa anayehusika ametoka. Narudi, naambiwa mtandao umelala. Narudi, msichana wa mlangoni ananiambia nijaribu wiki ijayo, na nyuma yake namsikia Kelvin anacheka kwa simu. Wazee wawili walishuka kutoka mlimani kunisaidia kusema. Wakakaribishwa vizuri, wakapewa soda, wakavalishwa miwani, wakaambiwa asanteni kwa maoni yenu. Walitoka pale wamenuna kuliko mimi. Bwana Gurdeep akawa ananiona nikishuka, anatikisa kilemba chake, anasema, "Leo pia hapana?" Leo pia hapana.

Mwishowe nikaenda Kimilili kumweleza Mama. Nilikuwa nimemficha, nikidhani atapasuka moyo. Nikamweleza yote, nikakulaumu wewe kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Mama akaendelea kuchambua maharagwe yake, akasema, "Mimi ndiye nilimwambia akubali."

Nikasema, "Nini?"

"Baba yako alikuwa anakataa. Alikataa mara nyingi. Nikamwambia nyonga yangu haitanipeleka tena kule, waache wapige picha, nami nione kwetu kabla sijafa. Akasema sawa, na akasema atanisemesha mle ndani nikimsikiliza."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungepiga kelele," akasema. "Kama sasa."

Nyinyi watu wawili mtaniua. Kwa kweli mtaniua.

Basi nikakodi gari, nikamleta Kitale. Wafanyakazi wa Bwana Gurdeep walimbeba ngazi zote akiwa juu ya kiti cha plastiki, ameshika mkoba wake kama malkia. Siku hiyo Kelvin hakuweza kuwa ametoka, maana tulimkuta mlangoni. Mama akamsalimia, akamuuliza amekula, kisha akasema, "Nipe hiyo miwani yako nione nyumbani."

Akavaa. Akaanza kunyoosha mkono, polepole, anatafuta ukuta ambao haukuwepo. Akasema kwa Kikony, lugha yetu, kwamba hapa ndama walikuwa wanalala, na hapa dada yake alianguka akavunjika jino. Alikuwa anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ufe. Nilimtafsiria Kelvin, akaacha kuchezea simu yake. Kisha ngoma zikaanza, na mtu wa halua akaongea. Mama akageuza kichwa huku na huku. Picha ilipofika kwenye chumba cha ndani akavua miwani mwenyewe, taratibu, akaiweka magotini.

"Kijana," akasema, "hapo hata mimi niliyezaliwa mle sikuingia. Pafunge." Kisha akauliza, na hakuuliza kwa hasira, "Na mume wangu yuko wapi? Aliniambia nitamsikia."

Kelvin alitazama sakafu. Akasema, "Pole, shosho. Tulimtoa." Akasema atatengeneza. Kidogo nimwambie mtandao umelala.

Lakini alitengeneza. Alituita tena baada ya siku kadhaa, na wazee wale wawili wakawepo kuhakikisha. Ukifika penye jiwe pana sasa, picha inageuka na kurudi mlangoni. Wale watu wa kale waliotoweka wametoweka wenyewe. Ngoma zimetolewa. Simba amebaki, Baba. Nimebishana mpaka sauti ikakauka. Ati watoto wanampenda. Nitaendelea kubishana.

Na sauti ni yako. Nilivaa kwanza mimi. "Inamisha kichwa hapo, mwamba uko chini," ukasema, nami nikainama, mjinga mimi, nimesimama ofisini Kitale. Kisha ukakohoa. Kikohozi kilekile nilichokuwa nakisikia ukutani usiku nikiwa nyumbani, nikikuomba uende hospitali, nawe unasema ni vumbi. Nikavua. Nikampa Mama, nikamwekea kisikilizio kimoja sikioni, kingine nikakiweka sikioni mwangu.

Karibu na mwisho unaacha Kiswahili, unaingia Kikony. Kelvin hakuwa amejua unasema nini, alidhani ni maombi. Ulimwita Mama kwa jina lake la usichana, Cherop. Ukamwambia umesimama nyumbani kwao, kwamba moto wa mama yake ulikuwa hapa, upande wa kulia wa mlango.

Mama alikusikiliza hadi ukamaliza kukohoa. Machozi yalikuwa yanatoka chini ya ile miwani. Akakujibu kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote:

"Kushoto! Miaka yote hiyo nakwambia kushoto."

Kisha akasema, "Rudisha. Nataka kumsikia tena akikosea."

Bado nimekukasirikia. Kwa kutoniambia, kwa vumbi lako, kwa kufa kabla sijapata nafasi ya kukugombeza vizuri. Pumzika hata hivyo. Mama nitampeleka kwenye ile miwani kila atakapotaka, na ngazi nimeshazizoea. Mvua ikikatika nitapanda mlima kwa miguu yangu mwenyewe, nisimame upande wa kushoto wa mlango, niwashe moto pale mama yake alipouwasha.

Mimi bintiyo,
Chemutai