Jina la Mama Kwenye Orodha ya Marejeo

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Niwie radhi kwa mwandiko, naandika mbiombio, zimebaki siku kumi tu niwasilishe insha yangu ya kumalizia chuo. Nasomea usimamizi wa afya, na insha inahusu jinsi mashuka ya hospitali yanavyobeba magonjwa, na ukweli ni kwamba nusu ya yaliyomo sikuyatoa kitabuni, nimeyatoa kwa mama yangu mzazi, ambaye amefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na saba mpaka wakambatiza Dobi Mkuu, na ambaye aliniketisha jikoni siku mbili nzima akanieleza kila kitu, kwamba shuka la chumba cha upasuaji halikung'utwi, hufunguliwa taratibu juu ya meza kwa koleo kwa sababu sindano hulala kwenye mikunjo, kwamba ya wodi ya watoto huja na vijiko na midoli, kwamba shuka lenye damu ukilianzishia maji ya moto doa halitoki tena.

Kwa furaha nikamwahidi. Nilimwambia jina lake litakaa nyuma, kwenye orodha ya marejeo, pamoja na madaktari na maprofesa, akaniuliza litaandikwaje, nikamweleza kwamba huanza jina la ukoo, kisha mkato, kisha herufi ya kwanza ya jina lake, akacheka sana kwamba kumbe hata wakubwa wanakatwa majina. Mama amejua kusoma ukubwani, mshauri, baada ya kustaafu, na tangu siku hiyo ameifunga miwani yake utepe mpya na kila nikipita ananiambia, "Kitabu chako nitakianzia nyuma. Ndiko niliko." Wenzake wa chumba cha kufulia ameshawatangazia, na wawili wameahidi kuja kujionea.

Basi msimamizi wangu, mtu wa kalamu nyekundu asiyesamehe hata nukta, akalikata jina la mama kwa mstari mmoja na kuandika pembeni kwamba kwa mtindo wa APA, kanuni za kuandika marejeo tunazozifuata chuoni, mazungumzo ya mtu na mtu hayaingii kwenye orodha, kwa kuwa msomaji hawezi kuyatafuta akayapata. Nilibembeleza, akanifungulia mwongozo akanionyesha kanuni yenyewe. Narudi nyumbani namkuta mama mezani anajizoeza kuandika jina lake kwa mtindo ule, ukoo, mkato, herufi, ukoo, mkato, herufi, karatasi nzima. Nilishindwa kumwambia. Nikaenda chumbani nikamrudisha kwenye orodha, safari hii kama mwandishi wa kijitabu, nikakipa kichwa, Mwongozo wa Kufua Mashuka ya Wodini, nikakipa na mwaka, nikaandika kimetolewa na hospitali. Kijitabu hicho hakipo duniani. Msimamizi amekipenda. Amesema hajawahi kukiona, nimpelekee nakala siku nitakapowasilisha.

Tangu hapo nikisikia simu inalia nadhani ni msimamizi. Nimewaza nikiandike mwenyewe, kurasa kumi na mbili, nikachape kwenye duka la steshenari, nitie jalada la plastiki na mwaka wa zamani, mama aweke sahihi bila kujua anasaini nini. Nikigundulika nafukuzwa. Nikimtoa mama, sijui nitamtazama na macho gani. Na tafadhali usiniambie nimtaje tu ndani ya insha, maana huko nimeandika "imebainika" na "inashauriwa" kila mahali, niliogopa watu watanicheka wakiona chanzo changu ni dobi. Nifanyeje?

Binti wa Dobi Mkuu

*

Binti wa Dobi Mkuu,

Marahaba. Barua yako niliianza chai ikiwa ya moto, nikaimaliza imeshaota utando. Pole, mwanangu. Kutaka kumfurahisha mama si kosa, na ile karatasi ya mezani hata mimi ingenimaliza. Huruma imeishia hapo, sasa kaa vizuri tuzungumze.

Hicho kijitabu usithubutu kukiandika. Mpaka sasa una uongo wa mstari mmoja. Ukienda kukichapa steshenari utakuwa umeghushi, na jina lililo juu ya jalada si lako, ni la mama. Mwanamke huyo ametumia miaka ishirini na saba kutoa sindano kwenye mashuka ya watu, leo wewe unamchomekea moja kwenye jina lake mwenyewe? Tena asaini bila kujua, mtu aliyejua kusoma ukubwani! Hapo umenikera kweli.

Halafu kuna mahali ulidhani umepita haraka nisikuone. Barua nzima umelia kwa ajili ya mstari mmoja wa nyuma, kisha mwishoni unaniambia ndani ya insha mama hayumo kabisa. "Imebainika." Imebainishwa na nani? Sindano zilijitokeza zenyewe zikajieleza? Msimamizi amemkata mama mara moja. Wewe umemkata kila ukurasa, na hakuna aliyekulazimisha.

Kanuni unayoilalamikia ungeisoma mpaka mwisho. Mazungumzo hayaingii kwenye orodha, sawa, lakini ndani ya insha yanatajwa palepale yalipotumika, ndani ya mabano, kwa jina la aliyesema na tarehe aliyosema. Na huko, kwa taarifa yako, herufi hutangulia na ukoo hufuata, kwa hiyo mama itabidi achukue karatasi nyingine ajizoeze upya.

Kesho asubuhi nenda kwa msimamizi kabla hajakuuliza tena. Mwambie kijitabu hakipo, ulikitunga, umekiondoa, na insha iliyorekebishwa hii hapa. Atafoka, mwache afoke, ana haki. Bado hujawasilisha, hiyo ndiyo salama yako, na kila siku unayochelewa inapungua. Muulize pia kama yale mazungumzo ya jikoni yanaweza kuandikwa yote, mama akiridhia, yawe kiambatisho. Akisema hapana, usianze tena ubunifu wako.

Ukitoka huko, nenda kwa mama. Usimpigie simu, usimtume mtu. Kaa naye jikoni ulipokaa ukimsikiliza, umwambie uliahidi jambo usilolijua. Na la "imebainika" umwambie pia, kwamba uliona haya kumtaja. Litakutoka kwa shida, na huenda akainuka akaanza kuosha vyombo. Vumilia, usimjazie maneno.

Siku wenzake wakija, usiwapeleke kwenye orodha. Fungua pale penye sindano. Kishike kidole cha mama ukiweke kwenye mstari, kisha kiachie, asome mwenyewe na miwani yake ya utepe, mpaka afike kwenye mabano akutane na jina lake. Kitabu chako akianzie hapo. Ndiko aliko.