Jogoo ya Kubariki Mradi

Jumatano, jioni.

Mvua imenyesha hapa Kiplombe tangu mchana, na baridi imeingia mpaka kwa mifupa. Banda la kuku limenyamaza, masikio yangu yanalia.

Leo nimezika wa mwisho.

Wacha nieleze vizuri, maana Chebet, binti yangu aliyenifungulia hii blogu, anasema naandika kama kila mtu anaishi kwangu. Sisi akina mama wa kanisa tulianza mradi wa kuku. Mimi niko na nafasi nyuma ya nyumba, wakanichagua nisimamie. Mimi wa darasa la sita! Nilifurahi nikashindwa kula.

Daktari wa mifugo alikuja kutufunza. Akasema, "Akina mama, mradi ni mlango. Chagueni mtu mmoja wa kufungua na kufunga. Mgeni achovye miguu kwa maji ya dawa. Kuku mpya akae peke yake kwanza, hata kama ametoka kwa askofu." Tulicheka sana. Mtu wa mlango nikawa mimi.

Siku ya maombi ya kufungua mradi, mama mkwe akatoka Moiben na jogoo kwapani, nyekundu, kubwa, miguu imefungwa na kitambaa. "Hii ni ya kubariki," akasema mbele ya watu wote. Akapita beseni ya dawa kama hajaiona, akafungua banda mwenyewe, akaitupa ndani katikati ya kuku wetu. Akina mama wakapiga vigelegele.

Na mimi nikapiga.

Ningefanya nini? Zawadi ya mama mkwe hairudishwi, na huwezi kuifungia kando kama mwizi, yeye akiwa anakuangalia. Niliogopa aibu ya siku moja.

Jogoo ilikohoa kidogo, ikapona. Kuku wengine wakaanza kupinda shingo. Kinyesi kikawa kijani. Chanjo tulikuwa tumepanga wiki inayofuata. Niliwafunika na leso, nikawapa maji na kijiko vile nilikuwa nampa Chebet akiwa na homa. Wakanifia mkononi, mmoja baada ya mwingine.

Leo asubuhi Mama Faith, mwenyekiti wetu, alikuja na wenzake. Hakuna pole. Alisimama pale kwa lango akasema, "Tulikupatia kuku, umeturudishia manyoya. Hii ndiyo shida ya kuangalia mtu ako na shamba, tukasahau kuangalia kichwa."

Wakacheka. Wale wale wa vigelegele.

Sikuwa nimefuta machozi na mama mkwe akapiga simu. "Nimesikia umemaliza kuku za watu. Kama kufuga kumekushinda, nirudishie jogoo yangu. Kesho nakuja kuichukua."

Nikamuuliza pole pole, "Mama, kwani zako ziko aje?"

"Zangu? Si zilikufa zote! Ilibaki hiyo tu. Ndiyo nikakuletea, niliona iko na nguvu."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Sijui kama kuniletea hiyo iliyobaki yalikuwa mapenzi.

Nikampigia daktari. Akasema jogoo hiyo ndiyo ilileta ugonjwa, bado inaubeba hata kama imepona, na ikirudi Moiben itamaliza kuku za majirani. Ichinjwe, izikwe na wengine, banda lisafishwe likae tupu kwanza.

Ilikuwa inawika nilipoishika. Yenyewe peke yake, katikati ya banda tupu, inawika kama chifu.

Nimechinja jogoo ya mama mkwe. Naandika hivyo nione kama mkono utakataa. Haujakataa.

Bwanangu amesema nitakuwa hadithi ya ukoo mpaka nizeeke. Mama Faith naye ashapata la kusema kanisani. Sawa.

Nimesugua banda, halina hata unyoya. Lakini beseni nimeijaza maji mapya ya dawa, nimeiweka pale langoni, katikati kabisa, mahali hakuna pa kupitia kando. Kesho mama akija kuchukua jogoo yake, atachovya miguu kwanza.

Halafu ndiyo nimwambie.